Sura ya Sita: Muda Uliobaki Ndani ya Deni

Kila deni linalolipwa kwa awamu lina vitu viwili ndani yake, kiasi na muda, na ingawa wakopaji wengi hukihesabu kiasi hadi shilingi ya mwisho, ni wachache wanaouliza ule muda ni mali ya nani. Swali hilo hulala kimya maadamu marejesho, yaani malipo ya kila wiki au ya kila mwezi yaliyopangwa tangu siku ya kutia saini, yanakwenda kama yalivyoandikwa. Huamka siku mkopaji anapopata fedha asiyoitarajia, iwe ni fungu la mirathi, fidia ya shamba lililopitiwa na mradi wa serikali, kiinua mgongo cha mwenza aliyestaafu au pato la msimu uliozidi matumaini, akaenda kwa mkopeshaji kwa nia ya kulimaliza deni lote kabla ya siku yake. Hapo pande mbili zilizokuwa zikielewana huweza kukuta kwamba hazikuwahi kukubaliana juu ya jambo la msingi: kama miezi iliyobaki ni haki ya mkopaji, ambaye anaweza kuiacha asipoihitaji, au ni haki ya mkopeshaji, ambaye amekwisha kuihesabu faida yake na hataki kuipoteza, au ni ya wote wawili, kiasi kwamba mmoja hawezi kuifuta bila ridhaa ya mwenzake.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika swali hili si la nadra, kwa sababu fedha ya huko haiji kwa mwendo wa mshahara. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri katika siku za giza. Mbalamwezi inapokuwa kamili mwanga husambaa juu ya maji, samaki hawakusanyiki, na vyombo vingi hukaa ufukweni katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, ambako mwalo ni mahali pa kutua vyombo na kuuzia samaki. Kwa hiyo kila mwezi una wiki za kupata na siku za kukosa, na mwaka nao una misimu yake, kama ilivyoonekana tangu mwaka 2024, wakati Tanzania, pamoja na nchi nyingine tatu zinazopakana na ziwa hilo, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ziliposimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Wakulima wa michikichi nao hupata fedha kwa vishindo, mawese yanapokuwa mengi au bei inapopanda. Mkopo, kinyume chake, umekatwa vipande vilivyo sawa, kila kipande na tarehe yake. Anayeishi kwa mapato ya vishindo na kudaiwa kwa vipande vilivyo sawa atajikuta, mara zaidi ya moja maishani, ana fedha nyingi kabla ya tarehe na hana kitu tarehe inapofika, na ndiyo maana haki ya kulipa mapema ina uzito mkubwa kwake kuliko kwa mwajiriwa ambaye deni lake hukatwa kwenye mshahara.

Ujiji ilijua mikopo ya muda mrefu kabla ya kuijua benki. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya biashara ya misafara kati ya Unguja na ziwa iliendeshwa kwa mali ya kukopa: mfanyabiashara alichukua nguo, shanga, bunduki na nyaya za shaba kutoka kwa wenye mitaji wa Kihindi mjini Unguja, akaenda bara, na akalipa kwa pembe za ndovu aliporudi, jambo ambalo liliweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Riba, yaani nyongeza anayotozwa mkopaji kwa sababu ya kungojewa, mara nyingi haikuandikwa kama riba, bali iliingizwa ndani ya bei ya bidhaa, hivi kwamba nguo iliyochukuliwa kwa mkopo ilihesabiwa kwa bei ya juu kuliko nguo ileile iliyolipiwa taslimu. Matokeo yake kwa mdaiwa yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa kuwa gharama ya muda ilikwisha kufungwa ndani ya bei siku ya kwanza, msafiri aliyebahatika kupata pembe nyingi na kurudi mapema hakuwa na kitu cha kudai kipunguzwe. Muda aliouokoa ulibaki mfukoni mwa mwenye mtaji. Alichokipata ni sifa ya mlipaji, na sifa hiyo iligeuka kuwa mkopo mkubwa zaidi kwa safari iliyofuata. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alijipatia mali ya ghafla mwaka 1867 alipomshinda mtawala Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa, na kuzichukua pembe zake. Mali hiyo ilikuwa nyara za vita, na maelezo yoyote ya jinsi ilivyomnyanyua mbele ya wadai wake, akiwemo Taria Topan aliyekuja kuwa mfadhili wake mkuu, hayana budi kusema wazi kwamba gharama yake ilibebwa na watu wa Itabwa ambao hawakuwa na deni kwa yeyote Unguja.

Hata ubadilishaji mdogo wa siku moja sokoni ulikuwa na bei yake. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwezi Februari mwaka 1874, alieleza jinsi soko la mji huo lilivyotumia ushanga uitwao sofi kama fedha: soko lilipofunguliwa, wabadilishaji waliwagawia wanunuzi sofi kwa kubadilishana na shanga nyingine, na soko lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida mwanzoni na mwishoni. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi kati ya pwani na ziwa ikawa safari ya siku chache, na mkopo uliokuwa ukipimwa kwa miaka ukaanza kupimwa kwa majuma.

Lakini fikra iliyokomaa zaidi kuhusu kumaliza deni mapema haikutoka kwa wenye mitaji. Ilitoka kwa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, na iliufikia mwambao wa ziwa pamoja na watu wa pwani waliohamia Ujiji na kuufanya mji wa Waislamu. Mahali ambapo mafakihi walilazimika kulijadili suala hili kwa undani ni katika mukataba, ambao ni mapatano kati ya bwana na mtumwa kwamba mtumwa atalipa kiasi fulani kwa awamu na, awamu ya mwisho ikikamilika, atakuwa huru. Msingi wake ni aya ya 33 ya Surat An-Nur, inayowahimiza mabwana kukubali mapatano hayo. Kwa mtumwa aliye katika mukataba, muda uliobaki haukuwa hesabu ya faida tu. Ulikuwa ni miaka ya utumwa. Ikiwa mtu huyo angepata fedha bila kutarajia, kwa sadaka au kwa biashara iliyokwenda vizuri, je, bwana wake angeweza kukataa kuipokea na kumwambia angoje hadi siku iliyoandikwa?

Imam Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 795, alilihifadhi katika kitabu chake cha Muwatta tukio linalolijibu swali hilo. Mtumwa mmoja wa mukataba alimletea bwana wake kiasi chote kilichobaki, bwana akakataa, na mtumwa akaenda kulalamika kwa Marwan bin Hakam, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa Madina. Marwan aliamuru fedha ichukuliwe na kuwekwa katika hazina ya umma, akamtangazia mtumwa kwamba yu huru, na bwana alipoona mambo yamefika hapo akaipokea fedha yake. Hukumu hii inasema kwamba muda katika deni la namna hiyo uliwekwa kwa ajili ya kumpunguzia mdaiwa mzigo, kwa hiyo ni wake, na mwenye kitu anaweza kukiacha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj ni nguzo ya madhehebu ya Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliiweka kanuni hiyo kwa tahadhari zaidi: mdai halazimishwi kupokea kabla ya wakati ikiwa ana sababu ya kweli ya kukataa, kwa mfano mali yenyewe ni ya kugharimia utunzaji au wakati ni wa hatari ya kunyang'anywa, lakini akiwa hana sababu hiyo hulazimishwa, na akizidi kukaidi kadhi huipokea kwa niaba yake. Ni vigumu kuona kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Inamtaka mdai aonyeshe hasara, na hasara yenyewe iwe ya kweli, wala haimruhusu kuufanya muda wa mwenzake kuwa mtego.

Swali la pili liliwagawa wanazuoni, nalo ni la punguzo. Mdaiwa anasema: nitakulipa leo badala ya mwakani, lakini unipunguzie. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne walilikataza sharti hilo, kwa hoja kwamba kupunguza deni kwa kuharakisha ni sura ya pili ya kuongeza deni kwa kuchelewesha, kwa kuwa katika hali zote mbili muda umeuzwa kwa fedha. Na Nawawi anaeleza kwamba mtumwa wa mukataba akitanguliza sehemu ili asamehewe iliyobaki, malipo hayo hayasihi na msamaha wenyewe hausihi. Upande wa pili inapokewa kauli ya Ibn Abbas ya kuruhusu, na karne nyingi baadaye Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn Qayyim waliitetea, wakisema kwamba riba humwongezea mdaiwa mzigo ilhali punguzo humwondolea, na vitu viwili vinavyokwenda pande tofauti havipaswi kupewa hukumu moja. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilichukua njia inayotumika sasa na benki nyingi za Kiislamu: punguzo linaruhusiwa iwapo halikuwekwa kama sharti tangu mwanzo na iwapo ni jambo la mdai na mdaiwa wenyewe bila mtu wa tatu kuingia. Kwa mkopaji wa Ujiji aliyenunua mashine ya kukamua mawese kwa utaratibu wa murabaha, yaani benki hununua kitu na kumuuzia kwa faida iliyotajwa wazi na kulipwa kwa awamu, maana yake ni kwamba anaweza kuomba punguzo anapolipa mapema na kupewa, lakini hawezi kulidai kama haki iliyoandikwa.

Utawala wa Wajerumani, ulioweka kituo chake Ujiji mwaka 1896, haukuufuta utumwa, uliuwekea taratibu. Agizo la Kansela wa Ujerumani la mwaka 1901 lilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa kulipa kiasi kilichothibitishwa na mtawala wa wilaya, likamwachia siku mbili za kila wiki kufanya kazi kwa faida yake mwenyewe, na waliokombolewa walipewa hati ya uhuru. Wapo waliokombolewa kwa fedha ya waajiri, hasa wenye mashamba na makampuni, kisha wakaifanyia kazi fedha hiyo hadi ilipokwisha, hivyo deni kwa bwana likageuka kuwa deni kwa mwajiri. Kwao fedha ya ghafla ilikuwa na maana ambayo hakuna mkopaji wa leo anayeweza kuipima, kwa sababu kila rejesho lililotangulizwa lilikuwa ni siku ya mtu kurudi mikononi mwa mwenyewe. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Mkopaji wa sasa anayetaka kumaliza mapema anakutana na swali lilelile katika umbo la hesabu, na hesabu hiyo inategemea jambo moja ambalo mara nyingi halielezwi dirishani: riba imehesabiwa juu ya nini. Kuna riba inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa kila mwezi, hata baada ya sehemu kubwa ya mkopo kurejeshwa, na kuna riba inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, yaani kila mwezi hutozwa kile tu ambacho bado kipo mikononi mwa mkopaji. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 kwa asilimia 3 kwa mwezi. Kwa njia ya kwanza riba ni shilingi 36,000 kila mwezi, jumla 432,000, na rejesho la kila mwezi ni 136,000. Kwa njia ya pili rejesho lililo sawa kila mwezi ni takriban 120,550, na riba yote ni kama 246,600. Asilimia iliyotajwa ni moja, lakini njia ya kwanza, ikigeuzwa kuwa riba ya salio linalopungua, ni zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwezi.

Sasa mkopaji apate fedha baada ya rejesho la sita. Kwa njia ya salio linalopungua anadaiwa takriban shilingi 653,000, wakati marejesho sita yaliyobaki yangefika 723,300, kwa hiyo kumaliza leo kunamwokolea kama shilingi 70,000 bila kumwomba mtu yeyote fadhila. Kwa njia ya kwanza kila kitu kinategemea kilichoandikwa. Mkopeshaji mwenye insafu atamdai shilingi 600,000 za deni la msingi, yaani sehemu ya mkopo wenyewe pasipo riba, pamoja na ada ndogo ya kufunga hesabu. Mkopeshaji mwingine atamdai 816,000 zote, na hapo anakuwa ametoza shilingi 216,000 kwa miezi sita ambayo fedha yake haikuwa mikononi mwa mkopaji bali mikononi mwake mwenyewe, tayari kukopeshwa kwa mtu mwingine na kutozwa riba ya pili. Huko ni kuuza muda uleule mara mbili. Kati ya hao wawili kuna wanaotumia kanuni ya sabini na nane, inayoitwa hivyo kwa sababu namba 1 hadi 12 zikijumlishwa hufikia 78: mwezi wa kwanza hubebeshwa mafungu 12 kati ya 78 ya riba yote, wa pili mafungu 11, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho wenye fungu 1. Kwa kanuni hiyo, aliyefika nusu ya muda amekwisha kulipa asilimia 73 ya riba. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1992 kwa mikopo inayozidi miezi 61.

Wakopeshaji wana hoja yao, na ni haki isikike. Benki iliyokopesha kwa miaka mitano imepokea amana za watu ambazo nazo zina muda na gharama, na mkopo unaorudi mapema huiachia fedha ambayo huenda isipate mkopaji mwingine kwa riba ileile. Aidha, kuchunguza dhamana na kuandaa mkataba kuna gharama iliyotarajiwa kurudi pole pole. Hoja hiyo inahalalisha ada ya kulipa mapema iliyotajwa wazi siku ya kwanza na inayolingana na hasara ya kweli, kama Nawawi alivyotaka sababu ya mdai iwe ya kweli. Haihalalishi zaidi ya hapo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwekaji rehani haki ya kuikomboa rehani yake kwa kulipa deni lote linalodhaminiwa kabla ardhi haijauzwa, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia benki za huduma ndogo zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii, ikiwaweka wakopeshaji wasiopokea amana katika daraja la pili chini ya leseni ya Benki Kuu, ambayo imeweka kikomo cha riba yao kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wanaokopesha nje ya utaratibu huo, ambao mikopo yao watu wameipa jina la kausha damu, hawana kikomo wala karatasi ya kurejea. Kwa mikopo hiyo fedha isiyotarajiwa haina kazi bora kuliko kuifunga siku hiyohiyo, mbele ya shahidi na kwa maandishi.

Lipo deni la mwambao ambalo halionekani kuwa na riba kabisa, nalo ndilo linalohitaji kuangaliwa kuliko yote. Mwenye chombo, ambaye wavuvi humwita tajiri ingawa mara nyingi hana utajiri wowote, anahitaji nyavu, mafuta au betri za taa. Mnunuzi wa dagaa anampa fedha bila nyongeza, kwa sharti kwamba samaki wote watauzwa kwake hadi deni liishe. Katika mapatano ya aina hii riba hukaa ndani ya bei, kwa sababu mnunuzi asiye na mshindani hana haja ya kutoa bei ya mwalo, kama vile mwenye mtaji wa Unguja alivyokuwa akiificha ndani ya nguo. Mwenye chombo akipata fedha ya ghafla na kutazama daftari, ataona deni dogo lisiloongezeka, na atashawishika kulipeleka nyuma ya mahitaji mengine. Hesabu iliyo sahihi ni nyingine: achukue tofauti kati ya bei anayolipwa na bei ya wazi, aizidishe kwa ndoo anazouza katika giza moja, na hiyo ndiyo riba anayolipa kila mwezi. Kwa wengi itaonekana kwamba deni hili ndilo ghali kuliko mkopo wa benki wenye asilimia iliyoandikwa kwa wino. Kulimaliza mapema hununua kitu ambacho hakimo kwenye daftari, yaani uhuru wa kumuuzia yeyote. Ni kweli pia kwamba mnunuzi yule ndiye anayekopesha wakati vyombo vimefungwa na hakuna mwingine anayethubutu, kwa hiyo anayejitoa kwake bila kuweka akiba ya miezi ya kufungwa ziwa atarudi kwake, na kwa masharti magumu zaidi.

Si kila deni linastahili kukimbizwa. Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani na inayotolewa pia na Manispaa ya Kigoma Ujiji, haina riba; anayeilipa mapema hapati nafuu ya fedha, ingawa huuachia mfuko uwezo wa kukopesha kikundi kingine na huwaondolea wenzake katika kikundi mzigo wa kudhaminiana. Mkopo wa elimu ya juu nao umebadilika. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hadi mwaka 2021 deni liliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo ilipoondolewa, deni likabaki palepale wakati bei za vitu zikipanda, na kwa kuwa mfumuko wa bei nchini umekuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka kwa miaka mingi ya karibuni, kila mwaka unaopita deni hilo huwa jepesi kidogo. Mtumishi wa Kigoma aliyerithi shilingi milioni tatu, akiwa na deni la Bodi ya Mikopo upande mmoja na mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi upande wa pili, anayeanza na la Bodi kwa sababu ndilo linalomkera kwenye hati ya mshahara, anajidhulumu.

Katika vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, muda una mwenyewe wa aina nyingine. Wanachama hununua hisa, hukopeshana kutoka kwenye hisa hizo, na riba inayokusanywa hugawanywa mwisho wa mzunguko katika kile kinachoitwa mgao. Mwanachama anayemaliza mkopo wake mapema hupunguza riba yake na, kwa kiasi fulani, mgao wa wenzake, lakini fedha aliyoirudisha ikikopeshwa tena wiki hiyohiyo hakuna aliyepoteza. Kwa hiyo wakati wa kulipa una maana: anayerudisha katikati ya mzunguko, wakati wenye shida ya ada za shule wanapanga foleni, analisaidia kundi, na anayerudisha majuma machache kabla ya kuvunja, yaani kufunga mzunguko na kugawana, wakati mikopo mipya imesimamishwa, anaiacha fedha ilale kwenye sanduku.

Mataifa nayo hulipa mapema, na kwao ule mjadala wa punguzo hurudi kwa kiwango kikubwa. Bei ya mafuta ilipopanda, Nigeria, iliyokuwa ikidaiwa takriban dola bilioni 30 na nchi za Klabu ya Paris, ambayo ni umoja wa serikali zinazokopesha nchi nyingine, ilikubaliana nazo mwezi Oktoba mwaka 2005 kwamba zifute bilioni 18 na yenyewe ilipe bilioni 12 haraka. Ilimaliza mwezi Aprili mwaka 2006. Mfanyabiashara wa Ujiji anayebeba fedha taslimu kwenda kwa mdai wake ana nguvu ya aina hiyohiyo, kwa udogo wake, nayo hudumu hadi dakika anapoikabidhi. Ndiyo sababu maombi ya punguzo huandikwa kabla ya malipo, pamoja na ombi la hesabu ya kumaliza mkopo inayotaja deni la msingi, riba hadi siku ile na ada. Na baada ya malipo hudaiwa barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, hati au kadi ya pikipiki iliyowekwa dhamana, kuachiliwa kwa wadhamini kwa maandishi, na kusahihishwa kwa kumbukumbu katika taasisi za taarifa za mikopo.

Zipo fedha za ghafla ambazo zenyewe ni deni lililocheleweshwa. Reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506 na ambayo mkataba wake ulisainiwa mwezi Desemba mwaka 2022, inahitaji ardhi, na ardhi inayotwaliwa hulipiwa fidia. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi zinataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, na ikichelewa zaidi ya hapo mwenye ardhi anastahili riba kwa wastani wa kiwango ambacho benki za biashara hulipa kwa amana za muda maalumu. Sheria, kwa maneno mengine, imekwisha kukubali kwamba muda wa kungoja una bei, na kwamba anayemngojesha mwenzake aulipie. Lakini kiwango hicho cha amana huhesabiwa kwa mwaka, wakati mwenye shamba aliyekopa kwa matumaini ya fidia hiyo huhesabiwa riba yake kwa mwezi, na mara nyingi juu ya mkopo wote wa mwanzo. Fidia inapofika hatimaye pamoja na nyongeza yake, sehemu yake nzuri huwa imekwisha kuliwa na tofauti kati ya viwango hivyo viwili, na anayeamua kumaliza deni siku hiyo anapaswa kuuliza kwanza ni nani anayetaka kumtoza kwa miezi ambayo bado haijafika.